Naombeni ushauri: kukata na kusaga zege kwa grainda ndani ya nyumba

MwanaNzuguni
Habari za jioni wakuu. Nipo Nzuguni, Dodoma, namalizia nyumba. Zege la sebuleni lilimwagwa mchana, jua kali na upepo wetu ule wa Agosti, likakauka kabla fundi hajapiga rula vizuri. Sasa lina manundu, mlango wa chumbani unakwama, na nataka kuweka vigae. Tena bafuni nikate mfereji wa bomba la maji machafu, mita 2 hivi.

Nimeazima grainda ya inchi 9 kwa shemeji, haina kava. Jana nimejaribu dakika tano kwa diski ile ya kukatia nondo. Diski imelika robo nzima, nyumba ikajaa vumbi nisione hata dirisha, na leo asubuhi kamasi zinatoka za kijivu. Watoto wanalala chumba cha pili. Nifanyeje?

Fundi_Mkonze
Mkuu, kwanza iweke chini. Grainda isiyo na kava usiiwashe tena. Diski ya inchi 9 inazunguka karibu mara 6,500 kwa dakika. Ikibanwa ndani ya zege, mashine inakurukia kabla hujaachia swichi. Mwenzangu tuliyekuwa naye saiti alitoa kava ili diski izame zaidi. Ilimpasua paja, na mpaka leo anachechemea.

Una kazi mbili na kila moja ina kifaa chake. Mfereji: diski ya almasi ya kukatia kavu, yaani bila maji, ile yenye ukingo uliogawanyika vipande. Manundu: kikombe cha almasi, yaani diski ya kusagia yenye umbo la bakuli, kwenye grainda ndogo. Usithubutu kusaga kwa ubavu wa diski ya kukatia, haikutengenezwa kubeba nguvu ya pembeni.

Piga mistari miwili kwa kamba ya chaki. Mara ya kwanza pita kina cha milimita 5 tu, upate njia, kisha rudia ndani zaidi. Simama pembeni ya mstari, shika kwa mikono miwili, usikandamize. Kila nusu dakika inyanyue izunguke hewani ipoe. Ukisikia mlio umekuwa mwembamba na cheche zinaruka, umegusa nondo, punguza kasi ya kusogea. Mistari miwili ikishaingia, katikati malizia kwa tindo na nyundo. Huna haja ya kusaga mfereji wote.

Muuguzi_Kikuyu
Mimi naongelea hizo kamasi za kijivu. Kokoto za huku ni mawe ya matale (granaiti), na matale yana madini ya silika, sawa na mchanga. Vumbi unaloliona linatua. Linaloumiza huwezi kuliona, linaelea chumbani muda mrefu hata baada ya kuzima mashine. Likifika ndani kabisa ya mapafu linaacha makovu yasiyopona, na mtu wa namna hiyo kifua kikuu kinampata kirahisi zaidi.

Barakoa ya kitambaa haisaidii. Tafuta barakoa ya kuchuja vumbi laini, FFP3, ukikosa basi N95, na unyoe ndevu ili ishike uso. Miwani ya kufunika macho, vizuia sauti masikioni. Watoto walale kwingine mpaka usafi uishe. Usifagie vumbi kavu, lilowanishe kwanza ukusanye tope. Nguo za kazi zivuliwe nje. Tafadhali, hili la watoto lifanye leo.

Umeme_Makole
Kuna atakayekwambia umwagie maji. Grainda ya kawaida ya umeme usiimwagie, hiyo ni volti 230 mkononi mwako. Ile mashine ya petroli yenye mrija wa maji ni nzuri nje tu, moshi wake ndani ya bafu unaua. Kwa ndani kodi kava yenye mdomo wa kunyonya, unganisha na mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio la vumbi laini. Kwenye laini weka breka ya kuvuja umeme ya miliamp 30, ile inayokata umeme ukivuja, na ukibadilisha diski chomoa plagi.

Mama_Ilazo
Samahani baba, mlango unakwama sasa, je ukiweka vigae? Sakafu itapanda sentimita 1.5 au 2 pamoja na gundi, kwa hiyo mlango lazima utapunguzwa chini. Mimi nilipitisha rula ya alumini ya mita 2 sebule nzima, nikaweka alama kwa chaki. Kumbe palipozidi ni sehemu mbili. Palipobonyea tulijaza.

MwanaNzuguni
Asanteni sana. Watoto wameshaenda kwa bibi yao Mpwapwa. Grainda nimeirudisha. Nimepitisha rula leo: nundu kubwa ni moja, karibu na mlango, kama sahani ya ubwabwa. Jumamosi nakodi grainda yenye kava na kikombe. Fundi wa Mkonze, nakuja inbox, naomba uje kunisimamia kwenye mfereji.