Mkate wa sashe usishike ukungu: siki, propionati au sorbati?

Mama Mikate (Himbi, Goma)
Ndugu zangu, naoka mkate wa kukatwa vipande na kufungwa kwenye sashe, mifuko ya plastiki. Mvua zikishika, siku ya tatu doa la kijani limeshatokea, na wenye maduka wananirudishia. Mmoja ananiambia nitie siki, mwingine kalsiamu propionati, mwingine sorbati ya potasiamu, hizi mbili ni dawa za kuhifadhi chakula. Watoto wangu wanakula mkate huuhuu. Nisaidieni.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Mama, sorbati usiikande kwenye donge. Ukungu inauzuia kweli, ila chachu nayo inaibana, mkate hautaumuka. Propionati haiisumbui sana chachu, ndiyo maana waokaji wanaipenda. Mimi natia gramu 2 kwa kilo ya unga, kwa mizani, si kwa kijiko.

Dada wa Kamalondo (Lubumbashi)
Mimi ni wa siki. Kijiko kikubwa kwa kilo ya unga kinaniongezea kama siku moja, ukizidisha mkate unachachuka. Mafuta ya karafuu pia nilijaribu: yanapambana na ukungu, lakini kiasi kinachotosha kinaleta harufu ya dawa ya meno. Wateja walikataa.

Muuza Maji ya Matunda (Birere, Goma)
Benzoati, dawa nyingine ya kuhifadhi, je? Kwa maji ya maracuja (pasheni) sawa, kwa mkate hapana: inafanya kazi penye uchachu mkali, pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.5 hivi. Tena benzoati na vitamini C vikikaa kwenye joto na jua vinaweza kutoa benzini kidogo, kemikali yenye sumu, kwa hiyo chupa zangu naziweka kivulini. Na tusiogope jina tu: asidi ya propioniki, ambayo propionati inatokana nayo, inapatikana hata kwenye jibini lile lenye matundu, bakteria ndio wanaoitengeneza.

Fundi wa Kadutu
Mama, unafunga mkate muda gani baada ya kuutoa tanurini?

Mama Mikate
Nusu saa. Bado una uvuguvugu, lakini wa pikipiki anangoja.

Fundi wa Kadutu
Basi anzia hapo! Mvuke unageuka maji ndani ya sashe. Moto wa tanuri unaua mbegu za ukungu, zinarudi kwa hewa, kisu na mikono. Acha mkate upoe kabisa, saa 2 au 3, kisu kisafishwe, siki ifuate. Propionati iwe ya mwisho, ikihitajika. Na uliorudishwa usiukwangue ukaula, nyuzi za ukungu zimeshapenya ndani usikoona.

Mama Mikate
Asante, Papa. Kesho nitawasha tanuri saa 8 usiku, pikipiki ikifika mkate uwe umepoa. Sashe tatu nitaziacha rafuni kwangu nione siku ya nne, moja yenye siki, mbili bila.