Mdogo wangu ameitwa misheni ya Wamormoni hapa Uganda, wiki yao huwa inakuwaje?

DadaMkubwa_Kansanga

Habari zenu wadau. Naomba mtu anayejua haya mambo vizuri anisaidie. Kwetu ni Bungoma lakini mimi niko Kampala miaka mingi sasa, nauza nguo huku barabara ya Ggaba. Kitinda mimba wetu ana miaka 19, alibatizwa kwa Wamormoni akiwa sekondari na sasa amepata wito wa misheni, yaani kwenda kuhubiri, na si kwingine ni huku huku Uganda, miaka miwili! Mama anafurahi huku analia, baba kanyamaza tu maana alitaka aende chuo kwanza. Hao vijana wa shati jeupe na tai na kibechi cheusi kifuani nawaona kila siku wakipita wawili wawili jua likiwaka, lakini wakishapita sijui wanaenda wapi, wanakula nini, nani anawafulia. Huyu mtoto nyumbani hata ugali hajawahi kusonga. Wiki yao inaendaje? Na je mimi niko karibu hivi naweza kumpelekea chakula au kumwona Jumapili?

Eldoret_Boy

Hongera dada, na usiogope sana. Mimi ni wa Eldoret na nimetumika huko huko misheni ya Kampala kwa hiyo nakueleza nilichoishi.

Wiki yetu inaanza Jumatatu, ndiyo siku ya maandalizi, sisi tunaita pidei. Siku hiyo hakuna kuvaa tai mpaka jioni. Unafua, unasafisha nyumba, unaenda sokoni kununua chakula cha wiki, unanyoa nywele, ukipata nafasi unacheza mpira kidogo na wenzako. Hakuna wa kukufulia, wote wawili mnainama kwenye beseni. Na vumbi jekundu la Kampala unalijua, kola ya shati jeupe inageuka rangi ya matofali, unaipaka sabuni ya mche unaiacha iloweke halafu unasugua taratibu na brashi maana ukitumia nguvu inachanika pale kwenye mkunjo na shati limekwisha. Atajifunza. Kupika pia atajifunza, mwenzake hatakubali kulala njaa miaka miwili.

Na Jumatatu hiyo ndiyo ya kupiga simu nyumbani. Zamani ilikuwa Krismasi na siku ya akina mama tu, lakini tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuongea na familia kila wiki, hata kwa video. Kwa hiyo dada hilo ndilo la kwanza nakuomba, mwambie mama na hasa baba, saa ya simu ya Jumatatu wasiipangie kitu kingine. Nimeishi na kijana ambaye babake alikuwa hapokei simu kabisa kwa hasira ya chuo, na Jumanne yake yote ilikuwa inaharibika, anatembea kama mtu aliyefiwa.

Jumanne mpaka Jumamosi siku zinafanana. Kuamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi kidogo, kifungua kinywa bila chai (chai ya majani na kahawa hawanywi, ni uji au maziwa), halafu kusoma maandiko peke yako, halafu na mwenzako mnapanga mtaenda kwa nani na mtafundisha nini. Baada ya hapo ni barabara. Mnatembea, mnapanda taksi mkienda mbali, mnasalimia watu kibarazani. Saa tatu usiku hivi mnarudi, saa nne na nusu taa imezimwa. Mara moja kwa wiki mnakutana na wamisionari wa eneo lenu kwa baraza la wilaya, mnaelezana nani anaendelea vizuri na nani amekwama. Sinema hakuna, mchumba hakuna, na mwenzako haumwachi, popote ulipo awe anakuona na kukusikia. Wengi kinachowashinda ni hicho cha mwenzako, maana humchagui. Mimi nimekaa na kijana wa Utah ambaye hakuwahi kuona choo cha shimo na mwingine wa Ghana aliyekuwa anaomba kwa sauti saa kumi alfajiri, na hao wote ilibidi niwapende, na niliwapenda kweli.

Kiswahili chake kitamsaidia kuliko anavyodhani. Kampala unafundisha kwa Kiingereza na mwenyeji anakutafsiria Kiluganda, lakini kwa Wakongomani wa Nsambya na Katwe ukiingia na Kiswahili nyumba inafunguka. Chumba kimoja, pazia katikati, nyuma ya pazia watoto wanafanya homuwaki, na mzee wa nyumba anakukalisha kwenye kiti cha pekee, yeye anakaa juu ya ndoo.

Sasa kinachouma. Si matusi, watu wa Uganda hawatukani mgeni. Wanakwambia karibuni, mje kesho saa kumi. Kesho saa kumi mmetembea na mvua mmefika, geti limefungwa na redio inaimba ndani. Hiyo inarudiwa mpaka moyo unachoka. Halafu Jumapili unasimama mlangoni mwa kanisa kabla ya mkutano wa sakramenti unaangalia barabara, uliwafundisha wiki nzima, waliahidi, na hauoni mtu. Akija mmoja tu, mama na mtoto mgongoni, unaimba wimbo wa kwanza kwa sauti ambayo hukujua unayo.

Kuhusu kumtembelea, kwa kawaida ndugu hawaruhusiwi, hata kama mko mji mmoja. Atahamishwahamishwa pia, kila wiki sita uhamisho unapangwa, leo Makindye kesho Gulu au Mbale. Usimvizie kanisani dada, utamvuruga.

Mama_Furaha_Nsambya

Mimi niko mukongomani wa Bukavu, tunaishi Nsambya. Bale bavijana walikuwa wanakuja kwetu. Siku ya kwanza nikawatilia chai, wakakataa, nikaumia sana moyoni nikafikiri wananidharau sababu sisi ni wakimbizi. Wakanieleza pole pole ni amri ya kanisa yao. Basi nikawachemshia mujaja, yale majani ya kunukia, peke yake bila majani ya chai, na sukari, ile wakakunywa mpaka wakaongeza! Dada, mimi sijaingia kanisa yao, niko mukatolika. Lakini mume wangu alipogonjwa, walibeba majerikani ya maji kutoka kisima kupanda kile kilima siku nyingi na hawakuniuliza kama nitabatizwa. Mtoto wenu hatakosa mama huku. Sisi tupo.

Mlokole_wa_Mbale

Samahani, mimi ni mlokole na nauliza kwa heshima. Huyo dada aambiwe yote. Hilo kanisa lilikuwa linakataza watu weusi ukuhani, yale mamlaka ya kubatiza na kuongoza ibada, tena si zamani za kale. Kijana wa Kiafrika anaenda kuwatangazia watu kanisa la namna hiyo miaka miwili bila mshahara, na familia ndiyo inachangia pesa?

Eldoret_Boy

Ndugu, swali ni la haki na atalikuta mlangoni, kwa hiyo afadhali alijue kabla. Ni kweli, mpaka Juni 1978 wanaume weusi hawakupewa ukuhani, na mwaka 2013 kanisa lenyewe liliandika kwamba linakana yale maelezo ya zamani yaliyotumika kutetea hilo katazo. Mimi nilikuwa nawajibu watu hivyo hivyo bila kuzunguka, na nawaambia kwamba mimi mweusi ndiye nilikuwa nawabatiza watu. Wengine waliridhika, wengine walifunga mlango, ni haki yao.

Mshahara hakuna, hiyo pia kweli. Familia inachangia kwa uwezo wake na panapopungua kuna mfuko wa kanisa. Pesa ya chakula na nauli anawekewa kila mwezi.

Binti_wa_Tanga

Nami niongeze, nimetumika kama dada misionari, sisi wanawake tunakaa miezi 18. Wiki sita za mwanzo ndizo mbaya, mtoto atalia usiku na hatawaambia. Msimwambie "rudi tu nyumbani" kwa sababu amelia, muulizeni amekula nini, amefundisha nani, mwacheni aongee. Akiugua aseme mapema, wengi wanaficha homa ili wasionekane wavivu halafu malaria inawalaza. Kwa sasa hivi mna bahati, hekalu la Nairobi, ile nyumba takatifu anakoingia misionari kabla ya misheni, limewekwa wakfu Mei 2025, sisi wa zamani safari ilikuwa mpaka Johannesburg, kwa hiyo mama anaweza kumsindikiza hekaluni kabla hajaondoka. Hilo asilikose kama yeye pia ni muumini.

DadaMkubwa_Kansanga

Mama hajaingia kanisa hilo lakini nimemsomea yote kwa simu, na baba alikuwa pembeni anasikiliza, akauliza hiyo simu ya Jumatatu ni saa ngapi. Mama Furaha Mungu akubariki. Basi kama siwezi kumpelekea chakula nimnunulie nini kabla hajafika?

Eldoret_Boy

Saa watapanga naye akishafika eneo lake. Mnunulie viatu, jozi mbili, vyeusi vya ngozi. Angalia soli iwe imeshonwa na si kugundishwa kwa gamu, maana matope ya Kampala mwezi wa nne yanabandua gamu ndani ya wiki. Na vimzidi kidogo, miguu inavimba kwa kutembea.