Mashindano ya mitumbwi Mtera mwezi wa saba, hii baridi na upepo tunafanyaje?

Kasia_Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Mi nakaa Nkuhungu hapa Dodoma ila nimezaliwa Ukerewe, kasia nimeshika toka mdogo. Sasa kuna wavuvi wa bwawa la Mtera wanaandaa mashindano mwezi wa saba, watu wanne kila mtumbwi, kwenda na kurudi kama kilomita sita, mshindi anapewa mbuzi. Wenzangu wawili ni watoto wa mjini hawajawahi kupiga kasia kwenye maji makubwa, kwahiyo kila jumapili tunaenda kufanya mazoezi bwawa la Hombolo. Jumapili iliyopita tumeingia saa mbili asubuhi maji yametulia tuli, saa tano upepo ukaamka, mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni na maji yanaingia ndani, mwenzetu mmoja vidole vikafa ganzi kasia likamponyoka. Tumetoka tunatetemeka na jua linawaka! Kama Hombolo penyewe ni hivi Mtera itakuaje? Nawapenda hawa vijana, sitaki nimpoteze mtu kwa ajili ya mbuzi.

MvuviMtera:
Kaka karibu sana huku kwetu. Hilo bwawa usilipimie na Hombolo, ni mto Ruaha Mkuu umezuiwa pale, ukisimama ukingoni sehemu nyingine ng'ambo huioni vizuri. Kipupwe hiki upepo ni wa kusi, unatoka mashariki na kusini, asubuhi umelala na jua likipanda nao unapanda. Waambie waandaaji mbio zianze mapema kabisa, na kama wana uwezo wa kuchagua, muanze kwa kuukabili upepo mkiwa na nguvu af mrudi nao mgongoni. Wengi wanafanya kinyume, wanaenda wanateleza wanafurahi, kurudi ndo wanalia. Wimbi likija msilipe ubavu, mwenye usukani ageuze mbele kidogo alipokee kwa mshazari. Mmoja kazi yake iwe kukumba maji tu, kopo lifungwe kamba lisipotee. Na visiki! Maji yakianza kupungua vinakaa chini kidogo tu ya uso wa maji, njooni siku moja kabla mpite njia yote na mwenyeji. Viboko na mamba wapo, hili hatufichi, msikatize karibu na matete.

Mwanafunzi_wa_zamani:
Mkuu nilisoma Uswidi, uko wanashindana kayaki mpaka majira ya baridi, maji nyuzi 4 au 5, na wanavaa suti isiyopitisha maji na sufu ndani. Maji ya Mtera hayafiki huko hata kidogo ila kanuni ni ileile, maji yanakunyang'anya joto kama mara 25 kuliko hewa, na nguo mbichi kwenye upepo nayo haikuachi. Kwahiyo t-shati za pamba muache nyumbani, vaeni jezi za mpira wa miguu zile nyepesi na juu koti la mvua. Tulifundishwa hivi: ukidumbukia kwenye maji ya baridi kali dakika ya kwanza usiogelee, tuliza pumzi kwanza maana unahema ovyo unaweza kumeza maji. Baada ya hapo una kama dakika 10 mikono bado inakutii, ndo muda wa kushika chombo na kupanda, mwili wenyewe kupoa mpaka uzimie inachukua karibu saa nzima. Watu wanakufa mapema kwasababu waliacha chombo wakaogelea kutafuta nchi kavu. Mtumbwi wa mbao hata ukijaa maji unaelea, ung'ang'anieni. Na jaketi la kuokolea kila mtu, limefungwa, sio limekaliwa.

MamaMvumi:
Wanangu mle kabla, uji wa uwele wenye karanga, sio chai kavu. Na nguo kavu na blanketi viwe ukingoni na mtu wa kuvitunza, atakayetoka anatetemeka avuliwe za mbichi kwanza ndo apewe uji wa moto.

Kasia_Nkuhungu:
Asanteni sana, mama shikamoo. Jaketi tunazo mbili tu, mbili zingine nazitafuta wiki hii, nikizikosa hatuingii majini. @MvuviMtera huyo mwenyeji wa kutuonyesha visiki naweza kumpata kwako? Tunakuja ijumaa jioni.

MvuviMtera:
Nitawapeleka mwenyewe jumamosi alfajiri. Njooni na kasia la akiba.