Naomba ushauri: betri zilizovimba nizipeleke wapi?

Asalaam alaykum jamani. Mimi fundi simu hapa Chake Chake. Chini ya meza yangu nna magunia mawili: tochi za kuchaji, spika ndogo, chaja, pawabanki. Mtu ananunua tochi, mwezi haujesha imekufa, analeta kwangu. Naifungua, betri imegandishwa kwa gundi, skrubu hata moja hamna. Itengenezeke vipi? Mwenyewe naye harudi kuichukua.

Mnunuzi wa chuma chakavu anachagua shaba tu, mengine ananiachia. Kuchoma siwezi, betri za lithiamu hulipuka na moshi wake sumu. Kufukia nako naogopa: lehemu nyingi ina madini ya risasi, na sisi maji yetu ya visima.

Wiki iliyopita pawabanki moja imefura kama andazi. Nikatoka nayo mbio, nikaitia kwenye ndoo ya mchanga uani. Mpaka leo imo, na mke wangu hapiti upande ule.

Mlioko Unguja, kuna anayepokea betri hizi? Kwenye boti watanikubalia nazo? Na kwa sasa niziweke vipi? Kibanda changu cha mabati, mchana ni tanuri.