Watoto wa miaka 5 na 6: historia ya kilti na tartani naianzia wapi?

Mama Salma, Glasgow

Salaam wapendwa. Nasaidia darasa la watoto wa miaka 5 na 6, na nimepewa somo la kilti (lile vazi la marinda la wanaume wa Uskoti) na tartani (kitambaa chake cha miraba ya rangi) kuelekea Siku ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba. Karatasi nilizokabidhiwa zinasema kila ukoo wa Uskoti ulikuwa na tartani yake tangu enzi na enzi. Nimesoma kidogo nikakuta mambo si hivyo. Isitoshe, nusu ya watoto wangu majina yao hayamo kwenye orodha yoyote ya koo: wapo wa Kipoland, wa Kipakistani, na huyu wangu. Juzi mmoja kaniuliza, "Sasa yangu mimi ni ipi?" Nataka nimjibu kwa ukweli, tena jibu atakalolielewa.

Juma wa Leith

Dada, wape hadithi ya koo kama ilivyo kwenye karatasi. Bado wadogo, mengine watayasoma wakikua. Rangi, picha ya mpiga zumari, basi.

Bi Rehema, Edinburgh

Kaka Juma, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Nimefundisha madarasa ya mwanzo miaka mingi, na anachoambiwa mtoto wa miaka 5 huenda nacho hadi utu uzima. Halafu hapa ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hiyo hadithi.

Mama Salma, koo ziweke kando kwanza, anza na kitambaa. Chukua kadibodi, ikate meno juu na chini, tandika nyuzi za sufu: nane nyekundu, nane za buluu, kisha rudia. Mshindio, yaani nyuzi za kukatiza, nao ufuate mpangilio ule ule wa mtande, yaani hizo ulizotandika. Watoto wataona wenyewe rangi 2 zikizaa ya 3, pale nyekundu inapopishana na buluu. Ukiwatilia rangi moja zaidi, watapata 6. Vipande vya karatasi usivitumie. Ni vipana mno, rangi hazichanganyiki machoni.

Wakishafuma, wasimulie habari ya mji wa Falkirk. Hapo ulichimbuliwa mtungi wenye sarafu za fedha za Kirumi karibu 2,000, na kwenye mtungi huo kulikuwa na kipande cha kitambaa cha miraba, cha karne ya 3. Hakikutiwa rangi yoyote: ni sufu ya kahawia na nyeupe, kama kondoo wenyewe walivyokuwa. Kipo makumbusho ya taifa hapa Edinburgh. Cha pili ni kile cha bonde la Glen Affric, kilichotolewa kwenye ardhi ya mboji ambako hewa haikufika kukiozesha. Hicho kilifumwa kati ya 1500 na 1600.

Kisha tandika shuka la kitanda sakafuni. Pitisha mkanda chini yake, likunje marinda, mlaze mtoto juu, ufunge. Ndivyo kilti kubwa ya Nyanda za Juu za Uskoti ilivyovaliwa: nusu kiunoni, nusu begani, na usiku mtu anajifunika. Ile fupi tunayoiona leo, isiyo na sehemu ya begani, ilianza mapema karne ya 18. Nani aliyeikata wa kwanza, waachie watu wazima wabishane.

Sasa koo. Tafuta picha za watu wa ukoo wa Grant alizochora Richard Waitt mwanzoni mwa karne hiyo. Waweke watoto wazitazame na uwaulize: je, wamevaa sare? Watakuambia hapana, kila mmoja na yake! Mfumaji alitumia rangi alizozipata na mpangilio alioupenda. Majina ya koo yalikuja kushika baadaye. Kiwanda cha Wilson kule Bannockburn kilikuwa kikiuza tartani kwa majina, na kitabu chake cha mipangilio ni cha 1819. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akaja Edinburgh, mwandishi Walter Scott akaandaa mapokezi, na kila mkubwa akatafuta tartani ya kumpokelea mfalme.

Na huyo mtoto aliyekuuliza jibu lake lipo. Tangu 2009 kuna daftari rasmi la tartani la serikali ya Uskoti, na mtu yeyote anaweza kuomba kusajili mpangilio mpya. Zimo za miji, za vikosi vya jeshi, za Wayahudi, za Masingasinga. Mwambie: "Yako bado haijafumwa, hebu tuipange." Kama tartani zote zingekuwa za tangu kale, mtoto huyo angebaki mgeni darasani mwake mwenyewe. Kwa hili sina mzaha.

Mama Salma, Glasgow

Shikamoo Bi Rehema, umenifungua macho. Na vita vya Culloden je, walikoshindwa waasi wa Nyanda za Juu? Sitaki kuwatisha, lakini kuiruka naona si haki.

Bi Rehema, Edinburgh

Marahaba mwanangu. Vita vya 1746 vitaje kwa sentensi moja, mkazo uweke kwenye sheria iliyofuata. Serikali ya London iliwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi hayo ya Nyanda za Juu, kuanzia Agosti 1747. Kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme waliruhusiwa. Sheria ilifutwa 1782. Waulize: mtoto wa miaka 5 katazo lilipoanza alikuwa na umri gani lilipoondolewa? Arobaini! Hapo kimya kitaingia, na maswali yatafuata.

Mwanaidi, Lewis

Naongeza la huku visiwani. Kitambaa kikitoka kwenye kitanda cha kufumia, wanawake walikizunguka mezani wakakipiga kwa pamoja kikiwa kimelowa, wakiimba ili mikono iende sawa. Kililowekwa kwenye mkojo uliochacha, maana hutoa mafuta na kukamatisha rangi. Watoto wataupenda mkojo kuliko mfalme! Nyinyi tumieni maji ya uvuguvugu na taulo kuukuu.

Juma wa Leith

Bi Rehema, nimekuelewa. Na wasichana darasani wanavaa nini?

Bi Rehema, Edinburgh

Wanawake zamani walijifunga shuka kubwa kuanzia kichwani au begani, kiunoni mkanda, kifuani bizimu, yaani pini ya pambo. Sheria ile haikuwataja wao. Kwa darasa, bizimu likatwe kwenye kadibodi na libandikwe kwa gundi. Pini za kweli zibaki mezani kwako.