Mjadala: Ibada hurefusha maisha, au wenye afya ndio wanaohudhuria?

Nafungua mjadala huu kwa sababu nimechoka kusikia majibu mawili tu: "sala ni dawa" na "hizo ni za kujipa moyo".

Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki, hatari yao ya kufa katika muda huo ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko ya wasiohudhuria kabisa.

Pingamizi nalijua, na ni zito: mgonjwa wa kitandani haendi ibadani, hivyo huenda tunahesabu wazima tukidhani tunahesabu waumini. Watafiti walizingatia afya ya kila mmoja tangu mwanzo, uvutaji sigara na sonona, na tofauti bado ikabaki. Ila wengi wao walikuwa Wakristo weupe, kwa hiyo tusikimbilie kuwasemea wanadamu wote.

Na sala yenyewe? Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Kuombewa na watu wasiowajua hakukuwapunguzia matatizo baada ya upasuaji. Nasali kila siku, na hilo halinitikisi. Linalonikasirisha ni mhubiri anayemwambia mgonjwa aache vidonge. Hakuna hata takwimu moja kati ya hizi inayomuunga mkono.

Mimi naamini siri kubwa iko kwenye kukosekana. Shangazi yangu anaishi peke yake. Alianguka bafuni usiku wa kuamkia siku ya ibada. Asubuhi kiti chake cha safu ya pili kilikuwa kitupu, na kabla ibada haijaisha wanawake wawili walikuwa wanagonga mlango wake. Walimkuta sakafuni, midomo imekauka, nyonga imevunjika, mkono mmoja bado umeshika taulo. Mimi, damu yake, nilikuwa nimepanga kumpigia simu katikati ya wiki.

Mtasema basi hata timu ya mpira ingetosha. Sidhani. Kwa wale wauguzi, msaada wa watu ulieleza chini ya robo tu ya tofauti ile. Kuna pia tumaini, kuna sigara isiyovutwa, kuna ratiba ambayo mtu haiachi hata akiwa na huzuni, na hii ya mwisho naiona inadharauliwa mno.

Sasa nawauliza. Ninyi msiosali, ni nani anayegundua mapema kwamba hamkuonekana? Nanyi waumini wenzangu: shangazi haendi tena ibadani, nyonga haikupona vizuri. Wale wawili bado wanakuja kwake. Kwenu, aliyeshindwa kutembea hutembelewa kwa muda gani kabla kiti chake hakijapewa mwingine?