Sheria ya rushwa ipo, mbona faili langu "halionekani"?

Mkamua Alizeti
Mbukwenyi wadau. Nina kimashine cha kukamua alizeti hapa Dodoma, mzigo nachukua Kongwa na Kondoa. Mwezi wa tatu niliomba kibali cha kupanua banda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Ada nililipa kwa simu, kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ikaingia papo hapo. Nikajua mambo yamenyooka. Kumbe hela ndiyo imetoka mikononi mwa watu, faili limebaki.

"Halionekani, njoo Alhamisi." Alhamisi: "Mwenye saini yuko kikaoni Mtumba, mji wa serikali." Wiki saba. Mwishowe kijana wa pale akaniambia kwa upole kabisa, "Bosi, jua la Dodoma hili, watu hata maji hawajanywa." Nikakunja elfu hamsini ndani ya gazeti, nikaliacha mezani. Watu walipotoka kula, faili likaonekana, tena halina hata vumbi.

Juu ya kichwa cha yule kijana kuna bango la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, lenye namba yao ya simu 113. Nimetoa rushwa chini ya bango la rushwa! Sasa naomba mnisaidie: sheria peke yake itamkamata vipi huyu? Hakuniomba hela. Alisema kuna jua.

Wakili wa Kijiweni
Kaka, na wewe umo. Kifungu cha 15 cha sheria ya rushwa, Na. 11 ya 2007, kinamshika anayepokea na anayetoa. Faini laki tano hadi milioni moja, au jela miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Ndiyo maana hutaki kuitaja ofisi. Shahidi pekee aliyekuwepo ni mtuhumiwa wa pili, nani atasema? Ungepiga 113 kabla ya gazeti, wangeweza kumwekea mtego.

Mama Zabibu
Mnaoweka hela kwenye gazeti ndio mnatuumiza. Mimi nauza zabibu barabarani, elfu hamsini ni mtaji wangu. Kila faili lako likipanda juu, langu linashuka chini. Halafu unauliza habari za sheria!

Mstaafu wa Masijala
Nimefanya kazi masijala, chumba cha kutunzia mafaili, zaidi ya miaka 20, nimestaafu, nasema bila woga. Faili halipotei. Kuna daftari linaloandikwa jalada limetoka lini na limeenda kwa nani. Likisemwa halionekani, limekaliwa.

Tume ya Jaji Warioba iliyochunguza rushwa mwaka 1996 ilishawatofautisha wanaokula kwa sababu mshahara hautoshi na wanaokula kwa tamaa. Nimewaona wote, na wa kwanza akizoea hugeuka kuwa wa pili, hilo sikulisoma popote. Sheria tumekuwa nazo, ya 1971 kabla ya hii ya 2007. Waliogopa? Waliogopa kupokea mbele ya watu, basi. Kuchelewesha hakuna aliyeogopa, maana ucheleweshaji hauna alama za vidole.

Mkamua Alizeti, kosa lako lilianza siku ya kwanza. Ulipeleka barua moja ukaondoka mikono mitupu, sivyo? Peleka nakala mbili. Yako ipigwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Kisha soma Mkataba wa Huduma kwa Mteja, mara nyingi umebandikwa ukutani na hakuna anayeusoma: siku za kushughulikia ombi zimeandikwa mle. Zikipita, andika kwa mkuu wa ofisi, ambatisha nakala yenye muhuri. Hapo mwenye kukalia faili anaulizwa na bosi wake, hajibu habari za jua.

Wakili wa Kijiweni
Na kama bosi naye ana kiu, mzee wangu?

Mstaafu wa Masijala
Wapo. Hao ndio wa 113, na karatasi yenye muhuri utakuwa nayo mkononi.

Mkamua Alizeti
Shikamoo mzee. Ni kweli, niliacha barua moja nikashukuru na kuaga. Mama Zabibu, umenichoma, sina la kujitetea. Jumatatu narudi palepale na ombi la choo cha vibarua. Nimeshatoa nakala mbili, shilingi mia mia. Yule kijana akinitajia jua nitamwambia nimekuja na chupa yangu ya maji.